Salamu Iliyobaki Ariwara

Koboko ni mji wa salamu. Ukitoka nyumbani kwenda kununua chumvi, jua litakukuta bado uko njiani, maana kila unayekutana naye lazima umuulize habari ya nyumbani, habari ya watoto, habari ya mihogo, habari ya yule mbuzi aliyekuwa akikohoa. Kumpita mtu bila kumsalimu ni vibaya kuliko kumtukana. Tusi angalau lina sauti. Ndiyo maana mji mzima ulikubaliana, bila mkutano wala mwenyekiti, kwamba Daktari Kamisi Soka ana maringo.

Tena maringo yenyewe hayakuwa na mpango. Kichaa wa sokoni alimsalimu. Wauza kuku aliwasalimu, akasimama nao mpaka kuku wenyewe wakachoka. Lakini kulikuwa na watu fulani, pengine mfanyabiashara mwenye heshima zake, pengine mke wa mtu, pengine katekista, ambao akiwaona wanakuja aliinua macho akatazama paa la duka, au aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Watu waliona.

"Dokta iko na kichwa kubwa," walisema. "Kazi hapana, lakini kichwa iko."

Kazi hapana. Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma Soka kuliko jambo lolote chini ya jua.

Alizaliwa Dranya, mtoto wa askari wa zamani aliyerudi kutoka vita vya Wazungu akiwa na pasi ya mkaa, pamoja na imani kwamba shati lisilonyooshwa ni aibu ya ukoo mzima. Mtoto akasoma, akafika Mulago, hospitali kuu ya Kampala, akawa daktari, akarudi kufanya kazi Koboko. Hiyo ndiyo miaka aliyokuja kuiota baadaye. Asubuhi alinawa mikono hadi kwenye viwiko, akavaa koti jeupe, akapita kitanda kwa kitanda, na wagonjwa wakamuuliza, "Daktari, umelala vizuri?" kana kwamba yeye ndiye mwenye homa.

Mwaka wa 1979 serikali ya mtu wa kwetu ilianguka. Mwaka uliofuata vita vya kisasi viliingia West Nile, na watu wakavuka mipaka na magodoro vichwani, wengine Sudan, wengine Zaire. Wauguzi walikuwa wamekwisha kukimbia, na dawa zingebaki kuporwa. Soka alifunga sanduku moja la dawa nyuma ya baiskeli, akaisukuma mpaka Ariwara, upande wa Zaire, mkewe Paska akimfuata na mtoto mgongoni. Huko, chini ya turubai, alitibu wakimbizi kwa sanduku lile mpaka ikabaki harufu tu. Baadaye mashirika yalileta dawa nyingine, naye akaendelea.

Walipoweza kurudi, nyumba ya Koboko ilikuwa majivu, vyeti vimo humo humo, na sanduku lile lilikuwa limezaa hadithi. Ati Dokta Soka alikimbia na dawa za serikali. Ati aliziuza Zaire kwa bei ya dhahabu. Ati alirudi tajiri, ingawa tajiri huyo alikuwa akilima mihogo kwa jembe la kuazima. Lisemwalo lipo, walisema watu, na mtu akiisha kusema hivyo haendi tena kutazama.

Vyeti vilirudishwa, Kampala walikuwa na jina lake katika vitabu vyao, wakaandika kwamba ndiyo, huyu ni daktari. Lakini sanduku halikuwa na kitabu Kampala. Kila alikoomba kazi, mazungumzo yalianza vizuri, chai ikaletwa, kisha mtu mmoja akakohoa na kusema, "Kuhusu zile dawa..."

Sasa turudi kwenye salamu, maana ndizo zilizomkalisha mtu huyu bila kazi.

Mulago alikuwa na mwalimu mmoja mzee, mkali wa meno na mpole wa mikono, aliyewaambia wanafunzi jambo ambalo halikuwamo katika mtihani wowote. Mgonjwa wako ukikutana naye barabarani, usimtambue kabla hajakutambua. Hujui anatembea na nani. Akikusalimu, msalimie. Akikupita, nawe mpite, wala usinune. Katika Kampala, mji wa watu wasiojuana, sheria hiyo ilikuwa nyepesi. Koboko ilikuwa mzigo wa mawe. Wagonjwa wa malaria walimsalimu wenyewe kwa sauti, wakamweleza homa zao mbele ya soko zima. Waliobeba magonjwa ya aibu ndio walionyamaza, naye akanyamaza nao. Hakuweza hata kujitetea. Angeieleza sheria yake, watu wangeanza kuangalia ni nani anayemfungia kamba za viatu, na siri zote zingeanikwa juani. Kwa hiyo akakubali kuitwa mwenye maringo. Paska mwenyewe hakuambiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilikuwa imefunga mdomo.

"Baba ya Viktoria," Paska alimwambia siku moja wakimenya mihogo, "wewe unatafuta kazi kwa watu, halafu watu wenyewe unawapita kama miti. Nani atakupa?"

"Watanipa tu, Mama Viktoria."

"Mti nao husema hivyo hivyo."

Kazi moja ilikuwapo pale pale Koboko, bila kamati wala chai. Nasuru, aliyekuwa mfunga vidonda jeshini, alikuwa amefungua duka la dawa karibu na soko. Alimpenda Soka kwa dhati, kama mpiga zumari anavyompenda mpiga ngoma, akamwita ndani, akampa stuli.

"Dokta, kuja kaa hapa na mimi. Vaa koti yako nyeupe, kaa tu. Mimi nachoma sindano, watu wanaona wewe, wanaamini."

"Unawachoma sindano gani?"

"Ile iko."

"Na kama ugonjwa yake hapana taka sindano?"

Nasuru alimwangalia kwa huruma. "Hapana taka! Mutu ametoka Dranya na miguu, arudi nyumbani bila sindano? Bibi yake atamuuliza alikuwa wapi!"

Soka alicheka, kwa sababu Nasuru alisema kweli tupu. Watu wa kwetu bila sindano hawajatibiwa. Vidonge ni vya kuwapa watoto na majirani. Lakini juu ya meza palikuwa na trei ya chuma iliyofunikwa kitambaa, na kutoka chini ya kitambaa ilitoka harufu ya spiriti, harufu ile ile ya asubuhi zake za zamani. Mikono yake ilimwasha. Aliitamani ile trei kama mtu aliyefunga anavyotamani maji. Angesema ndiyo, jioni ile ile angekula nyama, na angalau angeshika tena chombo cha kazi yake mkononi.

"Nasuru, ndugu yangu," alisema, "nikikaa hapa watu wataamini. Ndiyo maana siwezi kukaa."

Akaondoka na shati lake lililonyooka, akaenda kula mihogo. Mwenye njaa hana miiko, walisema wahenga. Wahenga hawakumjua Soka, au walimjua wakaona haya kumtaja, asije akawaharibia methali.

Mwaka wa 1988 hospitali moja ya Arua ilitangaza kwamba inatafuta daktari wa wodi. Soka alipanda lori la tumbaku, akasimama njia nzima kule nyuma ili suruali isikunjamane, akashuka Arua na vumbi usoni na mistari ya pasi ikiwa imesimama bado. Kamati ilikaa katika chumba chenye meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Ayiko, mstaafu, mtu wa haki lakini aliyeipenda haki yake iwe imenyooka kama mstari wa rula. Pembeni yake alikaa Sista Emilia, mkuu wa wauguzi. Mwisho wa meza, kwa niaba ya wafanyabiashara wa mji, alikaa Mzee Fadhul na kofia yake nyeupe na tasbihi.

Soka alipomwona Fadhul, moyo uliruka kwa furaha. Kisha ukakumbuka sheria, ukakaa chini.

Fadhul alikuwa Mnubi wa Arua, muuza vitambaa, mjukuu wa askari wa Kisudani walioletwa zamani na kuoa huku huku. Kule Ariwara alikuwa mkimbizi kama wengine. Siku moja mkewe Medina alikuja kwenye turubai kwa upande wa nyuma, amejifunika uso, akasema mume wangu ameanguka motoni. Soka alikwenda akamkuta na mkono umeungua toka kiganja hadi kiwiko, akauliza maswali machache, akaelewa kwamba moto haukuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa kifafa. Fadhul alikuwa amekificha tangu ujana, akianguka chumbani, akijifungia, akisingizia malaria. Soka aliufunga ule mkono, na kutoka chini kabisa ya sanduku akatoa vidonge vidogo vyeupe, akampa avimeze kila siku. Kuanguka kukapungua, kisha kukakoma. Kwa muda mrefu Soka alipita nyumbani kwao kama mtu anayepita kuomba moto, akiwa na vidonge mfukoni. Hakuna jirani aliyejua.

Wala isingefaa wajue. Kwa watu wa West Nile, nyumba yenye kifafa haiposwi. Wengine husema kinarithiwa, wengine husema kinaambukiza kwa mate, wengine husema ni laana ya mtu aliyedhulumiwa. Wanabishana juu ya chanzo lakini juu ya posa wanapatana. Na Fadhul alikuwa na binti, Fatumah, kitinda mimba, ambaye mwaka ule ndipo alikuwa amefika umri wa watu kuanza kuuliza habari zake.

Mwalimu Ayiko alimaliza maswali ya vitabuni, akaonekana kuridhika. Kisha akakohoa.

"Bwana Soka. Dawa za sanduku lile zilikwenda wapi?"

"Kwa wagonjwa, Mwalimu."

"Wagonjwa gani? Taja mmoja tu, tutamwita."

"Mwalimu, mgonjwa anaweza kunitaja mimi. Mimi siwezi kumtaja yeye."

Ukweli ni kwamba shahidi mmoja alikuwapo, amekaa nje kwenye benchi toka asubuhi bila kuitwa na mtu. Alikuwa mama mmoja wa Dranya aitwaye Margarita, aliyesikia habari za kamati akaja kwa hiari yake. Aliingizwa, akasimama imara, akasema, "Dokta huyu alinipa dawa ya homa kule Zaire. Mimi hapana lipa kitu. Hata kuku hapana."

"Vizuri, mama," alisema Ayiko. "Na wewe ni nani kwake?"

"Mimi? Mimi ni mama yake mdogo."

Ndipo ushahidi ulipoishia. Margarita alitoka akijilaumu kwa kusema kweli, na wanakamati wakajificha nyuma ya mikono wasionekane wakicheka.

Ayiko, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijaribu mara ya mwisho. "Nakuuliza hivi basi. Humu ndani iko mtu anakujua kama daktari? Mtu asiye jamaa yako?"

Soka aliangalia upande wa pili wa meza. Hakuangalia mwisho wake. Hata hivyo pembe ya jicho ilimwona Fadhul anavuta mkono wa kanzu mpaka ukafunika vidole, na tasbihi imesimama. Neno moja tu lilihitajika. Hata kutaja ugonjwa hakukuhitajika. Kunyoosha kidole tu na kusema, yule pale. Nalo lilikuwa limefika kwenye ulimi, tamu, kwa sababu alitaka kazi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Akaliona pia lingekwenda wapi baada ya kutoka. Alikutibu nini, Mzee Fadhul? Mbona hukutuambia? Na jioni mji mzima ungekuwa umeshajibu kwa niaba yake.

"Hakuna," alisema.

Fadhul hakuinua macho.

Nje, Soka aliketi kwenye ngazi za hospitali. Hakulia; alitamani kulia, lakini shati lilikuwa safi na watu walikuwa wengi. Kengele ya kutembelea wagonjwa ikalia. Wanawake wakaingia na vikapu vya chakula, naye akajikuta ameinuka na kuingia pamoja nao, mikono mitupu, kama mtu anayerudi nyumba aliyozaliwa na kukuta wapangaji.

Wodi ilinukia sabuni ya magadi na uji. Aliketi kando ya bibi mmoja ambaye hakuwa na mgeni. Hakugusa karatasi iliyoning'inia kitandani, ingawa macho yalimponyoka yakaisoma. Akasikiliza tu. Toroli ikapita na gurudumu moja bovu, ikapiga kelele, na kelele hiyo ikaingia kifuani mwake ikakaa. Alikumbuka alivyokuwa akigombana na toroli za namna hiyo. Sasa angefurahi kuigombeza moja, asubuhi moja tu.

Kutoka mwisho wa wodi alisikia mtoto anapumua. Pumzi zilikuwa za haraka, fupi, na kila moja iliishia kwa mguno mdogo. Soka alijua ni nini kabla hajageuka. Alisimama, mguu ukatangulia, kisha akausimamisha. Hakuwa daktari wa wodi ile. Alikwenda kwa muuguzi aliyekuwa akipanga chupa, akainamisha kichwa.

"Sista, samahani. Yule mtoto wa kule mwisho, naomba umtazame sasa hivi. Kifua chake."

Muuguzi alimtazama toka viatu hadi kola. "Wewe ni nani?"

"Mgeni tu."

Muuguzi alikwenda. Soka aliona kupitia bega lake jinsi alivyoinama, jinsi alivyoinuka haraka na kuita. Mtoto akahudumiwa. Mgeni akatoka na wageni wengine kengele ilipolia mara ya pili, akatafuta lori la kurudi Koboko. Njia nzima alilirudia moyoni neno lile, mgeni.

Mtu asidhani kwamba aliyelala na dhiki hii alikuwa mmoja. Miezi michache baadaye Soka alikwenda Arua kuuza mihogo mikavu, akapita mtaa wa vitambaa. Fadhul alikuwa amesimama mlangoni pa duka na wageni wenye nguo za safari, wazee na mama mmoja aliyevaa gomesi ya hariri, watu wa Bombo kwa namna walivyozungumza Kinubi chao. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya Fatumah. Hilo hata mwenye gunia la mihogo begani alilielewa. Fadhul alimwona Soka. Midomo yake ilifunguka. Jasho likamtoka palepale, kwenye kivuli.

Soka alitua gunia, akainama, akafunga kamba ya kiatu. Aliifunga vizuri sana, akaifungua, akaifunga tena, mpaka aliposikia wageni wanakaribishwa ndani. Alipoinuka mlango ulikuwa mtupu. Akabeba gunia lake. Alimwelewa Fadhul kabisa, na kuelewa huko hakukumpunguzia kitu. Mtu anaweza kuelewa mvua na bado akalowa.

Harusi ya Fatumah ilisikika hadi Koboko. Paska aliirudisha habari kutoka sokoni pamoja na dagaa: ngoma ya doluka imepigwa siku kadhaa, wanawake wa Kinubi wamecheza mpaka ardhi imekuwa unga, bibi harusi amepakwa hina hadi magotini, na bwana harusi ni kijana wa Bombo mwenye kazi yake. Soka aliweka jembe chini. Akatabasamu tabasamu pana ambalo Paska hakuliona tangu warudi kutoka Zaire.

"Unacheka?" Paska aliuliza. "Yule mzee alikaa kwenye kamati iliyokunyima kazi, akanyamaza kama mtungi. Leo binti yake anaolewa, wewe unacheka?"

"Nafurahi tu, Mama Viktoria. Mtoto ameolewa."

"Mtoto wa nani? Wako?"

Soka alichukua jembe. Paska alimwangalia mgongo muda mrefu, akatikisa kichwa, akaingia kukaanga dagaa. Alimpenda mume huyu na alikuwa amechoka naye, na siku ile hakujua lipi lilizidi.

Daktari mwingine hakupatikana. Barabara ya kuja West Nile ilikuwa na sifa mbaya, na vijana wa Kampala walipoangalia ramani walikumbuka kwamba mama zao wanaumwa. Hospitali ikaita tena waombaji, na mwombaji alikuwa yule yule. Soka hakutaka kwenda. Alisema mlango uliofungwa haugongwi mara mbili. Paska hakubishana, alijaza makaa kwenye pasi ya baba mkwe wake wa Dranya, akanyoosha shati mpaka likaweza kusimama lenyewe, akalitundika mlangoni mahali ambapo mtu hawezi kutoka bila kuligusa.

Meza ilikuwa ile ile, na watu wale wale. Fadhul alikuwa amekonda. Ayiko hakupoteza muda.

"Bwana Soka, sisi tunataka daktari, na wewe unataka kazi. Iko neno moja tu katikati yetu, na unalijua. Dawa zilikwenda kwa nani?"

"Walionijua wako, Mwalimu. Kuwataja siwezi. Mwaka jana nilisema hivyo na leo nasema hivyo."

"Humu ndani je?"

"Hakuna."

Ayiko aliguna, akafunga faili. Ndipo kiti cha mwisho wa meza kikasukumwa nyuma. Fadhul alisimama. Hakuzungumza kutoka alipokuwa. Alizunguka meza ndefu yote, kanzu ikisugua viti vya wenzake, mpaka akafika mbele ya Soka. Akatoa mikono yote miwili kama mtu anavyomsalimu mkubwa wake. Mkono mmoja wa kanzu ulipanda, na kovu likaonekana, jekundu na lenye mikunjo, toka kiganja hadi kiwiko.

"Salaam alekum, dokta," alisema. "Toka Ariwara mimi hapana salimia wewe. Habari ya siku nyingi?"

Soka alikuwa ameingoja salamu hii barabarani, sokoni, mlangoni pa duka la vitambaa. Mikono yake ilipanda kuishika mikono ile. Lakini Fadhul alikuwa amekwisha kuigeukia kamati.

"Dawa ya sanduku ile ilikuja kwa mdomo yangu," alisema. "Kila siku. Mimi nilimuambia nitalipa, yeye akakataa. Mwaka jana nilikaa hapa, nikasikia yeye anasema hakuna, na mimi nilikuwa na binti ndani ya nyumba. Sasa binti ameolewa, mimi ni mzee, sijali. Mimi nilikuwa na ugonjwa ya..."

"Mzee Fadhul!" Soka alisema, kwa sauti ya wodi, sauti ambayo hata yeye alikuwa amesahau kwamba anayo. "Hiyo hapana sema."

Akamshika mikono yote miwili, akamgeuza kutoka kwenye kamati.

"Lakini lazima aseme," Ayiko alilalamika. "Kamati inataka kujua alikuwa anaumwa nini."

"Hapana, Mwalimu. Kamati iliuliza dawa zilikwenda wapi, na umejibiwa. Alikuwa anaumwa nini ni lake yeye na mimi. Kama kazi hii haipatikani mpaka mgonjwa avuliwe nguo mbele ya meza, basi mwiteni mtu mwingine."

Mara tu maneno yalipotoka aliona alichofanya. Kazi ilikuwa imefika mkononi, na yeye ameisukuma. Alifikiri juu ya toroli yenye gurudumu bovu. Alifikiri juu ya Paska na makaa yake. Hakuyarudisha maneno hata hivyo. Alibaki amesimama wima, na mikono ya Fadhul bado ndani ya mikono yake.

Sista Emilia ndiye aliyeanza kucheka, polepole, kicheko cha mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima akazikuta kiunoni. "Mwalimu," alisema, "mimi ningekuwa mgonjwa, ningependa niugue kwa huyu."

Ayiko aliangalia kovu. Akamwangalia Fadhul, mtu aliyemjua miaka yote hiyo na leo ameona kwamba hakumjua. Alikuwa na swali bado, lilionekana kabisa usoni pake, mtu wa mstari ulionyooka, akalimeza. Akafungua faili tena. Tangu mwaka uliopita alikuwa akimwita Soka bwana, na bwana tu.

"Daktari," alisema, "unaweza kuanza lini?"

Soka alijiandaa kwa maswali mengi njiani, lakini hilo hakuliandaa. Ilimbidi ageuze uso kidogo. Na alipougeuza alimkuta Fadhul bado anangoja, macho yamelowa, maana katika zogo lile lote alisalimu na hakuna aliyemjibu, na kwa watu wetu salamu isiyojibiwa ni deni.

"Alekum salaam, mzee wangu," alisema Soka. "Mimi iko. Wewe je, unalala vizuri siku hizi?"